Changarawe ya Kuusijoki

Nyumba ya Wazee, Kuusijoki
Tarehe 19 Agosti

Mdogo wangu mpendwa Aune,

Pokea salamu za kaka yako. Naziandika kwa moyo uliotulia. U hali gani huko? Goti je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Mimi napumua, na kwa mtu wa miaka themanini na sita hiyo ni habari njema ya kutosha. Daktari ameniambia bila kuzunguka kwamba huenda nisiione theluji ya mwaka huu. Usilie. Chumvi niliyokula inatosha, na nyingi uliitia wewe mwenyewe kwenye sufuria. Soksi za sufu zimefika, na jemu pia. Muuguzi wangu Pirita alionja kijiko kimoja akasema kwamba mwenye dada anayepika hivi hana ruhusa ya kufa. Nilimwahidi kukufikishia amri hiyo.

Nina mengi ya kushukuru, na Jumamosi iliyopita ni mojawapo. Pirita alinisukuma kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye mruko wa kijiji chetu, pale kilimani magari ya mbio yanaporuka, akanifunika blanketi, akanipa soseji yenye haradali ambayo daktari angeipiga marufuku. Watu walikuwa wameshachora mistari ya chokaa kando ya barabara, mita kwa mita, kama sisi enzi zetu, ili waone gari gani litaruka mbali zaidi. Majirani zetu wa Haukkala nao walikuja na midomo yao. Mmoja akatangaza kwa sauti kwamba hapa Kuusijoki magari hayaruki, yanapiga chafya tu. Nilicheka hadi Pirita akanishika kifua. Tusi lilelile, Aune, baada ya miaka hamsini na moja!

Kabla ya gari la kwanza alifika msimamizi wa usalama wa sehemu ile, Saimi, mwanamke wa miaka thelathini hivi, na fimbo yake ya kupimia. Unajua wewe kuliko mimi kwamba madereva wakishapita polepole na kuandika kila kona na kila kilima kwenye daftari zao, barabara haiguswi tena. Saimi akapima mgongo wa kilima, akainama, akashika changarawe, akaichambua kwa vidole kama mpishi anayekagua mchele. Akauliza ni nani aliyeongeza. Wanaume wakaanza kuitazama misonobari. Mmoja akajitetea kwamba ni kidogo tu, upana wa kiganja, na kwamba dada asiwe mkali hivyo, watu wametoka mbali kuja kuona magari yakiruka. Saimi akamwambia basi kiganja hicho aende akamweleze mama wa dereva. Gari halipiti mpaka changarawe yote imeondolewa, na asiyeweza kungoja akale soseji yake nyumbani. Mbio zikasimama dakika arobaini. Walimzomea, naye hakupepesa macho. Mwishowe wazomeaji wenyewe ndio walioshika mabeleshi.

Nilitokwa na machozi. Pirita alidhani nasikia baridi.

Magari yalipokuja nilihukumu, kama kawaida yangu. Wa kwanza aliachia gesi mapema mno, akapita kama mtu aliyechelewa kanisani na hataki kuonekana. Wa tatu alikanyaga breki akiwa hewani, jambo ambalo halijawahi kumsaidia mtu yeyote. Lakini wa tano, kijana kutoka Estonia, aliruka gari likiwa limenyooka kama rula, likatua kwa magurudumu yote manne pamoja, na nikamwona msomaji wake, aliyeketi kando akimsomea njia, hakuinua hata macho kutoka kwenye daftari. Aliiamini barabara. Nikakukumbuka wewe.

Vilja, mjukuu wako, alinikuta pale. Alinieleza kwamba amepata dereva anayemtaka awe msomaji wake, na kwamba amekuomba mara tatu umfundishe nawe umekataa. Alisema ulimjibu kwamba mtu aliyemvunja mumewe nyonga kwa kusoma vibaya hana la kumfundisha mtoto wa watu. Sikuweza kumalizia soseji yangu.

Aune, sasa kaa chini, kama umesimama.

Mwaka ule wa sabini na nne, siku ya Alhamisi, Veikko wa Haukkala alinitukana dukani mbele ya wanafunzi wangu kuhusu mruko wetu. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nilikwenda nyumbani nikapiga hesabu. Ijumaa asubuhi na mapema, jua likiwa limeshatoka, wewe na mumeo Reino mkiwa mmeshaandika daftari lenu, nilikwenda na beleshi nikauinua ule mgongo kwa upana wa kiganja. Upande wa kushoto ulizidi kidogo. Hesabu yangu ilikuwa safi kuliko kazi yangu. Kisha, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa usalama pale, nilitia sahihi kwamba barabara iko kama mlivyoiona. Hakuna aliyekagua baada yangu. Nani angemkagua mwalimu?

Gari lenu liliruka mita thelathini na nne. Watu walishangilia, nami nilishangilia nao, mpaka liliposhuka kwa ubavu na kuufuata ule msonobari. Wewe ulipokuwa umekishika kichwa cha Reino mapajani, mimi nilikuwa juu ya kilima nasawazisha changarawe kwa buti kabla wakaguzi hawajafika. Ukawaambia wakaguzi kwamba umesoma vibaya, ulipaswa kumwambia apunguze. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwako. Nikanyamaza.

Reino alichechemea hadi kaburini, na hakukulaumu hata siku moja. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba wewe ulisoma, yeye alikanyaga, na mti ulikataa kusogea. Nilikuwa nacheka pamoja na wote mezani kwenu, nikila chakula chenu. Kwake nimechelewa. Nashukuru kwamba kwako bado.

Daftari lile najua unalo, kwenye sanduku la mashuka. Fungua ukurasa wa kumi na moja. Utakuta umeandika: kilima, gesi yote, mruko, nyoosha. Barabara uliyoiandika ilikuwa hivyo hasa. Ulisoma sawasawa, mdogo wangu. Kosa halikuwa lako hata kwa herufi moja.

Nimekiandikia chama cha mbio maneno haya haya, na Saimi ana nakala. Pirita aliipeleka mwenyewe. Sikuombi unisamehe kabla sijafa. Nakuomba umpigie simu Vilja, na ukimfundisha, mfundishe kwa daftari lile.

Asante kwa kunilea uzeeni wakati mimi ndiye mkubwa. Asante kwa uji, kwa soksi, kwa kuniita kaka miaka yote hii kwa sauti isiyo na doa. Wasalimie majirani wote, na paka pia, ingawa alinikwaruza. Kaburini kwa Reino peleka maua, na umsomee barua hii kwa sauti. Atakusikia, alikuwa amezoea kukusikiliza.

Ni mimi kaka yako,
Armas