Panzi Haivuki

Jumatatu, 14 Juni 1965

Hii daftari ilikuwa ya safari za lori ya marehemu Mzee Abdallah. Karatasi za nyuma ni safi, nimechukua. Mimi Ongodia nilisoma mpaka darasa la pili tu, lakini kuandika najua. Kusema ndio shida — mbele ya watu ulimi inalala.

Sulaiti amekuja tena. Ndugu ya marehemu, anakaa Tororo, ng'ambo ya mpaka, Uganda. Viatu nyeupe. Hakusalimu mtu. Alienda moja kwa moja kwa banda akapiga gurudumu ya Panzi na kiatu, kama mtu ananunua ng'ombe.

Panzi ni gari ya mbio, ya zamani, MG kijani ya viti viwili. Iko chini-chini, tumbo karibu na barabara. Mzungu wa reli aliiuza Malaba akienda kwao. Turubai imetoboka, taa moja inalia machozi ikinyesha. Lakini ukiigusa mafuta tu inaruka, ndio watu wa Busia wakaiita hivyo.

Mzee Abdallah aliitoa mahari. Mama Nusura, mke wake, alikataa dhahabu, akakataa kitanda ya Mombasa, akasema nataka ile gari. Mji wote ulicheka. Na mji wote unajua. Gari ni yake.

Lakini kitabu ya gari bado iko jina ya marehemu. Na Mama yuko eda. Hatoki nje, haonani na wanaume, mpaka siku zake ziishe. Zimebaki thelathini na tatu. Karani wa D.C. alisema hiyo maneno itasikizwa siku Mama atatoka aseme na mdomo yake. Sulaiti amesikia. Panzi ikivuka Uganda kabla ya hapo, itasikizwa nini?

Haivuki. Mimi ndiye naiosha miaka tatu sasa. Haivuki!

Jumatano, 16 Juni

Panzi haina kufuli kwa mlango. Mtu anaingiza mkono tu. Funguo ya pili Sulaiti anayo, alichukua pamoja na kitabu ya gari siku ya mazishi, watu wakilia.

Leo Mama aliniita. Mimi nje ya mlango, yeye ndani, mlango imefungwa. Nilikuwa naangalia miguu yangu hata kama hanioni.

Akauliza kama boneti inafunguka bado. Nikasema ndio. Akasema fungua, upande wa kushoto kuna kikombe nyeusi yenye waya nyingi. Toa kifuniko. Ndani kuna kitu ndogo rangi ya kahawa, kama kidole gumba, na chuma kidogo juu. Inaitwa rota. Inazunguka ikigawa moto. Bila hiyo gari ni sanduku.

Anajua kila kitu! Mzee alimfundisha kuendesha huko njia ya Nangina. Akasema ya lori haiingii, na ya Panzi hutapata hata Kisumu.

Nikauliza niiletee? Akasema hapana. Ficha wewe, na usiniambie wapi. Shemeji akiniuliza sitaki kusema uongo ndani ya eda.

Nimeishona kwa mfuko wa suruali. Inanichoma paja. Vizuri.

Ijumaa, 18 Juni

Saa ya swala. Waislamu wote wako msikitini, duka zimefungwa, barabara kimya. Mimi ni Mkatoliki, nikabaki nafagia.

Sulaiti hakuenda kuswali! Alikuja na ile funguo. Akaketi kwa usukani, akavuta kamba ya kuwasha. Panzi ikakoroma. Akavuta tena. Ikakoroma. Jasho ikateremka mpaka kola. Mimi na fagio yangu nikasimama hapo hapo, hatua tatu.

Akasema, wewe bubu, hii gari ina nini?

Nikafagia.

Akasema, nakuuliza ssebo, bwana!

Nikaendelea kufagia. Nikafagia mpaka juu ya kiatu chake nyeupe. Kweli nilifanya hivyo! Vumbi ilifika.

Jioni Mama akapiga mlango mara mbili na vidole. Akasema nimeona kwa tundu la dirisha. Nikasikia anacheka na shuka kwa mdomo, maana mjane hatakiwi kucheka.

Jumanne, 22 Juni

Naandika vile nalinda, nisisahau.

Asubuhi na mchana nafagia mchanga kuzunguka Panzi na tawi. Mtu akikanyaga naona. Mnyororo wa mbwa nimepitisha kwa usukani mpaka kwa pedali. Betri natoa kila siku, naweka chini ya kitanda yangu hapo bandani. Na Mama ana kinu. Tumekubaliana akiona mtu mgeni kwa dirisha anatwanga bure, kinu kavu, bila mahindi. Sauti yake ni tofauti kabisa. Nitaisikia hata nikiwa sokoni.

Leo Sulaiti alikuja mpole. Aliniita boss! Akasema njoo Tororo nikufanye turnboy, utingo wa lori yangu, utakula nyama. Akasema unalinda gari ya nani wewe? Abdallah amekufa, mimi ni damu yake, huyu mwanamke ni mtu amekuja tu.

Mtu amekuja tu. Aliosha miguu ya Mzee miezi saba akiwa mgonjwa. Sulaiti hakuleta hata chungwa moja.

Sikusema hivyo. Nilitaka. Nimeiandika hapa tu.

Alhamisi, 24 Juni

Vijana wawili wamenishika nyuma ya soko wakanipapasa mifuko. Walikuwa hawajui rota imeshonwa ndani. Lakini watajua. Lazima nihamishe.

Jumapili, 27 Juni

Nimepata mahali!

Baada ya misa nilienda kwa Mama Amongin, kwa chungu ya ajon, pombe yetu ya wimbi. Sisi Wateso kila mtu na mrija wake mrefu, na kila mrija na mwanzi wake wa kuuwekea, imetundikwa kwa ukuta. Wangu baba alinichongea, una mikato miwili. Mwanzi wa mtu mwingine huingizi mkono. Ni kama kuingia kitanda yake.

Nilikunywa kidogo, nikapangusa mrija, nikaangusha rota chini kabisa ya mwanzi. Nikaurudisha mrija juu. Tundu imefunikwa! Nani atajua?

Mama Amongin akasema, Ongodia leo unatabasamu, umepata mke? Wazee wakacheka. Mmoja akasema mke wake ana magurudumu nne na hapiki. Nikainamisha kichwa, lakini moyoni nilikuwa juu kama mnara wa kanisa.

Waje wanipapase sasa.

Jumatano, 30 Juni

Alama mpya kwa mchanga. Si kiatu ya Sulaiti. Ni akala, viatu vya tairi, ya kushoto imeisha upande wa kisigino. Alisimama karibu na boneti tu. Hakuzunguka kama mwizi wa kawaida.

Huyu ni fundi.

Jumamosi, 3 Julai

Sikuenda kwa chungu leo, nimekaa na Panzi mchana kutwa. Akala zilipita barabarani mara mbili. Mtu mrefu, ana ndevu kidogo, anaimba. Muuza nyama anamjua. Ni Methuselah, fundi wa Tororo, Sulaiti amemleta.

Mama aliongea leo mlangoni kuliko siku zote. Akasema zimebaki kumi na nne. Siku nitatoka, kwanza naenda kusema kwa D.C. Halafu nakupeleka Nangina, na wewe utaketi kiti cha pili.

Mimi sijawahi kukaa ndani. Naosha tu. Nikasema, nguo yangu ni chafu, Mama. Akasema basi fua, una wiki mbili.

Jumapili, 4 Julai — Malaba, kwa kizuizi

Naandika juu ya usukani. Nitaandika yote vile imekuwa.

Misa ikaisha. Nikapitia kwa Mama Amongin kuangalia tu. Nikashusha mwanzi wangu. Mwepesi. Nikatikisa. Hakuna kitu!

Mama Amongin akasema, ah, jana hukuja, nikampa mgeni mrija wako. Fundi wa Tororo. Mtu mzuri, aliimba mpaka wazee wakalia. Alipata kitu huko chini akacheka peke yake. Nikamwambia wacha, hiyo ni dawa ya mapenzi ya Ongodia.

Mimi mjinga! Tangu mtoto naona hivyo. Mgeni akija bila mrija, anapewa wa mtu ambaye hayuko. Hakuna mtu anarudishwa na kiu. Ni heshima. Hata mimi nimeshapewa wa wengine! Na sikufikiria. Nilikaa nikilinda gari, na kwa kukosa kwangu ndio mrija ukatoka.

Hapo ndio nikasikia kinu. Kavu. Haraka haraka, kama moyo.

Nilikimbia. Panzi ilikuwa nje ya banda tayari, mnyororo imekatwa, betri wamerudisha. Methuselah kwa usukani anaimba. Mama ndani anapiga kinu, anapiga, anaita jina langu kwa nguvu. Majirani wamesimama. Wanasema ni mambo ya ukoo.

Sulaiti alikuwa anazunguka aingie kiti cha pili. Mimi nikaruka juu ya mlango nikaketi!

Akanivuta shati, ikararuka. Nikakumbatia kile chuma mbele yangu. Akanipiga kichwa. Nikashika tu. Methuselah akasema, mzee, watu wanaangalia, acha akae, atarudi na miguu kutoka Tororo. Sulaiti akasema kale, haya, na mimi nikae wapi? Hakuna mahali! Akapanda nyuma juu ya turubai, magoti kwa masikio, mkono moja kwa kofia.

Hawakuvukia Busia. Hapo watu wa kastamu, wale wa ushuru wa mpaka, wanaijua Panzi kama mtoto wao. Ndio wakashika njia ya Malaba. Vumbi yote Sulaiti alikula yeye, sisi wawili mbele tuko safi. Niliona Methuselah anauma mdomo asicheke.

Mara ya kwanza yangu ndani ya Panzi. Si na yule nilitaka anipeleke.

Malaba malori yamepanga mstari mpaka reli. Panzi ikasimama nyuma ya lori ya chumvi. Methuselah akazima, akashuka kununua ndizi. Sulaiti akaenda mbele na kitabu ya gari, kwa askari wa kizuizi, Afande Oluka. Sasa! Nikashuka, boneti ya kushoto, kifuniko, rota. Ilikuwa moto. Nikasikia Methuselah anaimba anarudi.

Mfuko? Watapapasa. Kiatu? Watavua. Nikaitia kwa mdomo. Ikanichoma. Nikaisukuma ndani ya shavu, nikaingia kiti ya usukani, nikavuta breki ya mkono mpaka mwisho, nikashindilia gia.

Wakavuta kamba, ikakoroma. Wakafungua boneti, wakajua. Wamenipapasa mpaka nywele. Methuselah akaangalia shavu yangu muda mrefu. Mimi nikamwangalia pia, siangaliagi mtu hivyo. Akasema, mzee, mimi uliniita kwa gari yako, sasa naona ni kesi. Akaketi chini ya lori anakula ndizi.

Sulaiti akasema, Afande, huyu ni bubu, hana akili, alikuwa anaoshea ndugu yangu gari.

Afande Oluka ni mtu mkubwa, mpole, anatoa jasho. Akaniuliza, kijana, unakataa nini? Gari ya nani?

Nikatoa daftari nikamwonyesha ukurasa wa kwanza, pale nimeandika mahari. Mtu mwingine hajawahi kuona. Akaigeuza, akarudisha. Akasema mimi sisomi penseli ya mtu, na karatasi hata mwizi anaandika. Sema na mdomo, mbele ya hawa watu. Ukisema ni ya mwingine, gari inalala hapa mpaka D.O. aje kesho, na huyo mwingine aitwe. Usiposema, huyu ana kitabu, ni ndugu ya marehemu, waisukume ivuke. Nakunywa chai, nikimaliza nataka jibu. Na mtu asimguse.

Sasa anakunywa chai. Naona kikombe.

Sulaiti ameita makuli wanne. Wameshaweka mikono nyuma ya Panzi, wanangoja tu. Wanawake wa ndizi wamezunguka. Mmoja anasema, bubu, shuka tu, utaumizwa bure. Mwingine anasema mwache, ni mume wa gari.

Nikifungua mdomo, Sulaiti ataona chuma, na watu wote wataniangalia. Nikifunga, Panzi imevuka na Mama atatoka eda akute mchanga uliofagiwa.

Nimejaribu polepole, nimeinama hapa kwa usukani, rota iko shavuni. Nu. Su. Ra. Mate inateremka kwa kidevu. Nu-su-ra. Sauti ni kama ya mlevi lakini inatoka. Nimejaribu tena kwa nguvu kidogo na yule mwanamke wa ndizi amegeuka. Amesikia! Ameuliza, nani?

Kikombe imewekwa chini. Afande anapangusa mdomo, anakuja. Nafunga daftari. Nataka mikono yote miwili iwe kwa usukani nikisema.