Karité ya Mama Mukamurenzi

Jumatatu, 4 Machi 2024
Kidonda cha mutoto wangu Clarisse kimefunga – asante Mungu! Wiki tano toka uji wa moto umumwagikie mukononi, hapa kambini. Lakini ngozi imekauka, inavuta, inawasha. Kiwiko hakinyooki. Infirmier, muuguzi wa kambi, anasema nipake kitu laini kila siku, ninyooshe mukono polepole. Kitu gani? Tulitoka Masisi na nguo za mwilini tu.

Jumatano, 6 Machi
Amekuja yule mama muzee wa Rutshuru, wa hema ya pembeni. Mukamurenzi. Tangu afike sijamusalimia. Anasema Kinyarwanda, na waliotufukuza kwetu walisema Kinyarwanda. Alisikia mutoto akilia. Ameleta kopo ya karité, mafuta ya mbegu za muti kutoka Uganda. Alinunua mupakani Bunagana, kabla ya vita. Magumu kama sabuni! Akayasugua kwenye kiganja mpaka yakayeyuka, akapaka. Yananuka moshi kidogo. Clarisse alinyamaza. Nilisema asante bila kumutazama.

Jumatano, 13 Machi
Anakuja kila asubuhi. Kuwasha kumepungua. Leo kiwiko kimefunguka kidogo. Ananionyesha: kwanza maji, halafu mafuta wakati ngozi ingali na unyevu. Kwenye kidonda kibichi, hapana. Nimemuuliza juu ya watoto wake. Wawili, wote walikufa na bomu njiani. Walikuwa wanakimbia watu walewale tuliokimbia sisi. Sikujua. Sikuwa nimeuliza.

Ijumaa, 22 Machi
Clarisse amejisuka nywele mwenyewe, mikono yote mbili juu! Alama iko, itabaki. Lakini ngozi imelainika, inakunjika. Nilikaa chini nikalia kwa furaha. Sasa Mukamurenzi namwita Mama.

Jumapili, 24 Machi
Matawi. Tulipotoka misa, habari: mabomu yameanguka karibu. Watu wana hasira. Papa Julien, chef wa bloc yetu, mukubwa wa mahema ya upande huu, amekuja. Anasema wanataka Mukamurenzi aondoke leo, eti anapeleka habari kwa adui. Yeye mwenyewe hakuniangalia usoni.
Nimemwambia, "Huyu ni mama yangu. Akiondoka, andika na majina yetu kati ya wanaoondoka."
Ametoka kuwaeleza. Nasikia sauti nyingi, yake siisikii. Mama ameketi kwenye mukeka wetu, ananyoosha mukono wa Clarisse polepole, kama asubuhi zote. Niko mulangoni, naandika nikiwa nimesimama. Watu wanaongezeka nje. Wa mbele namufahamu, ni wa Masisi, wa kwetu. Nafunga daftari, nasimama katikati ya mulango.