Povu la Asubuhi

Jumapili, 3 Machi

Nimefua mashuka kumi na manne ya nyumba ya wageni, kichanga mgongoni. Yakishaanikwa na upepo ukiyajaza, ua wote unakuwa kama uko juu mawinguni. Nilisimama katikati yake nikafumba macho — nadhani nililala wima! Nimeamshwa na maziwa yanayonivuja kifuani.

Kisha nikamgombeza Mama. Nimekuta povu chooni, asubuhi ya tatu hii. Povu dogodogo, zito, limekaa tu. Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha: la sabuni mbovu ni mapovu makubwa, hufa kabla hujageuza nguo, la sabuni nzuri ni dogodogo, linang'ang'ania. Nikamwambia, Mama, sabuni nzuri tunaipima kwa kijiko, wewe unaimwaga chooni? Akasema haya, mwanangu, nimesikia. Basi. Mama yangu mimi, agombezwe na asibishe?

Jumatano, 6 Machi

Habari njema! Sukari ya Mama imeshuka. Miaka ishirini na mbili anajidunga insulini, na kile kimashine cha kidole kikimpa tisa tunashangilia. Wiki hii: sita, tano, tano. Na dozi ni ileile, chakula kilekile. Anasema sukari imemchoka, imehamia kwa jirani. Tumecheka mpaka Chiriku — binti yangu, miaka mitatu, mdomo haufungi — naye akacheka bila kujua anacheka nini.

Mchana nimesinzia nikinyonyesha. Nikaota nyumba imejaa povu, jeupe, la uvuguvugu, hadi kwenye madirisha. Mama anaelea juu yake, mikono nyuma ya kichwa, anaimba. Wala sikuogopa. Nilikuwa nasikia raha tu, nikimwambia usiimbe kwa sauti, mtoto amelala.

Viatu vyake vya kutokea havijasogea pale mlangoni wiki nzima. Anavaa ndala zangu. Anasema miguu inataka hewa.

Ijumaa, 8 Machi

Mama ameanguka akipiga pasi.

Si kwa kishindo. Aliteleza taratibu, kama shati linavyoteleza kwenye hanga. Jasho tele, midomo inatetemeka. Kimashine: mbili nukta saba! Nikamkorogea maji ya sukari, nikamnywesha kama ninavyomnywesha Chiriku dawa — kidevu nimekibana, sitaki mjadala. Pasi ikaunguza foronya ya watu. Wacha iungue.

Kliniki. Nesi wa miwani hakuifurahia sukari yetu hata kidogo. Akasema ikishuka yenyewe baada ya miaka yote hii, huko si kupona. Huenda figo zimechoka. Figo ndizo zinazosaidia kuitoa insulini mwilini. Zikichoka, dawa inakaa humo inaendelea kushusha. Akapunguza dozi. Akabonyeza mguu wa Mama kwa kidole gumba. Alipokitoa, shimo likabaki, kama kwenye unga uliokandwa.

Akauliza, mkojo una povu?

Mama akasema hapana, haraka. Mimi nilikuwa bado natazama lile shimo, linajaa polepole, polepole. Mpaka tuko njiani ndipo akili ikanirudia. Povu! Haikuwa sabuni.

Tumepewa kichupa. Mkojo wa asubuhi, tupeleke Jumatatu. Damu watatoa Ijumaa ijayo.

Jumatatu, 11 Machi

Msafi! Nesi ameupima mara mbili. Akavua miwani, akasema mama, figo zako ni za msichana. Mama akamwambia ndivyo tulivyo kwetu, hatuzeeki.

Basi ilikuwa sabuni. Nataka iwe sabuni. Leo nitalala.

Alhamisi, 14 Machi

Chiriku alikuwa anachezea vibanio vya nguo. Akasema anataka biskuti. Nikamwambia hakuna. Akasema basi atakojoa tena kwenye chupa ya Bibi, Bibi atampa.

Nilicheka. Nimecheka kweli, kwa sauti! Kisha nikakumbuka kichupa cha Jumatatu.

Mama alikuwa anakunja mashuka. Nikashika ncha mbili, yeye mbili, kama siku zote, tukasogea hadi tukakutana katikati. Nikamwambia papo hapo, uso kwa uso, shuka kati yetu. Hakukana. Akasema yule rafiki yake wa foleni ya insulini sasa hana maisha — mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, nusu siku kitini. Wakinipeleka huko, wewe nani atakushikia watoto? Utafua saa ngapi? Baba yao yuko na lori lake huko aliko. Niache nife na kazi zangu.

Nikamwambia, Mama, nesi kasema tukiwahi kuna vidonge, kuna kupunguza chumvi, hiyo mashine huenda tusiione. Tukichelewa ndiyo tutaipangia foleni. Na mkojo umeazima kwa mjukuu, sawa. Kesho damu utaazima kwa nani?

Akasema nina ulimi mchafu. Nikasema nimeurithi. Karibu acheke.

Lile shuka tulilikunja upya mara tatu. Ncha hazikukutana.

Ijumaa, 15 Machi

Alfajiri nimemwota tena yuko kwenye povu. Safari hii nilikuwa nimemshika kidole cha mguu, asielee mbali.

Kulipokucha nikasimama mlango wa choo na kichupa kipya. Akasema geuka basi, huna haya? Nikamwambia umenitawaza miaka yote ile, haya inatoka wapi leo! Nikageuka lakini. Nikatazama ukuta, nikasikiliza. Chiriku nyuma yangu anauliza, na Bibi atapewa biskuti?

Mama akanipa kichupa. Cha moto mkononi. Hakuniachia papo hapo, tulikishika wote wawili. Akakiinua kwenye mwanga, akakipindua kidogo, jinsi anavyopima maji ya karai kabla hatujatia nguo za watu. Muda mrefu.

Akasema, sabuni nzuri hii.

Hakutabasamu. Akaniomba viatu vyake vya kutokea. Kwa daktari haendi na ndala, naye ni mtoto wa watu.

Naandika nimeegemea mlango wa chumba chake, kichanga ananyonya. Kichupa kiko dirishani, jua limekipata, kimekuwa kama taa ndogo. Povu liko palepale. Kliniki inafungua saa mbili. Nimemwambia nitakusaidia, akasema nimevaa viatu kabla hujazaliwa.

Namsikia humo ndani. Kiatu kimoja. Pumzi ndefu. Kiatu — kilekile, tena, hakiingii.