Petroli ya Kwenye Kibuyu

Jumatatu, 7 Machi 1955
Nimefungua kabureta tena. Jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, ilikuwa imeziba. Nimeipuliza, pikipiki ikawaka, nikaenda Nshamba na kurudi bila tatizo. Wiki iliyopita nilishangilia hivi hivi, ikanizimikia mlimani. Aliyeniuzia, yule mwenye duka wa Rwamishenye, aliapa haijawahi kumsumbua. Mwongo.

Mke wangu Koku anakaribia kujifungua. Mimba ya kwanza tulimbeba kwa machela kwenda hospitali. Tulichelewa. Mtoto tukamzika, na mama yake nusura amfuate. Ndiyo sababu nimenunua dude hili.

Jumatano, 9 Machi
Mvua. Nimebadilisha plagi. Haikuwa plagi. Imekohoa kilimani, kisha kimya. Nimeisukuma hadi nyumbani, wanakwaya waliotoka mazoezini wakinipa pole huku wanacheka.

Tata, baba yangu, hana wasiwasi. Petroli yangu aliihamishia zamani kwenye kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, eti debe lina kutu. Alikiosha mwenyewe, akaziba mdomo kwa majani makavu ya mgomba, kama pombe ya wageni. Anaipenda pikipiki kuliko mimi.

Ijumaa, 11 Machi
Naogopa. Miguu ya Koku imevimba. Kabureta nimeifungua mara mbili leo. Boya zima, sindano nzima, jeti ina uchafu. Unatoka wapi? Nimeosha tenki, nimejaza upya kutoka kwenye kibuyu.

Koku kasema, "Waitu, tafadhali, usinirudishe kwenye machela." Nimemwahidi. Hajui kwamba vijana wa machela nimeshawaomba wakae tayari.

Jumapili, 13 Machi. Hospitali, Bukoba
Ngoja niandike.

Uchungu ulianza jana alfajiri. Lori hakuna. Nikampakia Koku nyuma, nikamfunga mgongoni kwangu kwa kanga, tukaondoka. Muleba tulipita vizuri. Nikaanza kuimba, mjinga mimi. Mlima uliofuata ikakohoa, ikazima. Hakuna nyumba. Hakuna vijana wa machela. Mvua tu, na Koku amechuchumaa kando ya barabara, ameshika nyasi, halii. Kutolia kwake kuliniogopesha kuliko kitu chochote.

Nilifungua kabureta chini ya koti. Skrubu ikaanguka matopeni. Niliitafuta kwa vidole huku naomba Mungu, naona kaburi la yule wa kwanza. Nikaipata. Ndani ya jeti kulikuwa na uzi mwembamba, wa kahawia. Nikauvuta. Uzi wa jani la mgomba. Kila nilipomimina petroli, nyuzi za kizibo cha Tata zilikuwa zinaingia nayo. Majuma yote hayo. Na mimi nimekiona kizibo hicho kila siku bila kukishuku, maana kibuyu huzibwa hivyo.

Nilipuliza, ikawaka. Ikazima tena karibu na Nyanga, nikapuliza tena. Koku aliingia hospitali kwa miguu yake. Wauguzi wamefunga mlango, nangoja nje.

Jumanne, 15 Machi
Mtoto wa kike. Koku amekunywa uji wote.

Tata amefika leo kwa lori, amelisubiri tangu jana. Amemtazama mjukuu, amefuta macho, kisha akanipa kibuyu cha petroli ya kurudia nyumbani. Amekiziba vizuri, majani mapya. Akauliza kama ile ya kwanza ilitutosha.

Nimesema ilitutosha. Nimekipokea kwa mikono miwili. Tata akishalala nitaichuja kwa kanga ya Koku.