Mgonjwa Mgumu Jukwaani

Jumatatu, 4 Machi

Metroni kaniita ofisini. Nikajua tayari, ni ile glavu niliyoipuliza ikawa puto la mtoto aliyekuwa analia. Kumbe ananipeleka kongamano la wauguzi! Hoteli, chai, vitafunio! Nimemwambia nitafurahi kuongeza maarifa. Uongo mtupu. Nakwenda kulala mahali ambapo hakuna mtu atakayeniuliza soksi zake ziko wapi.

Mama mkwe, anayekaa kwetu tangu presha impande, kasikia akaguna. Wauguzi wanakutana kuzungumza nini — sindano inavyoingia? Kisha akaenda kutema kidonge chake kwenye sinki. Anadhani sioni. Muuguzi mzima, nimeshindwa na mgonjwa mmoja wa sebuleni!

Jumatano, 6 Machi

Tumefika hotelini jana jioni. Kitanda kikubwa kama uwanja wa mpira. Ila nimepangwa chumba kimoja na Kipaza, mwenzangu wa wodini. Jina kalipata kwa sauti yake. Sasa najua hata akilala haizimi.

Asubuhi, mada ya kunawa mikono. Nikasinzia. Nikazinduliwa na makofi, nikapiga na mimi kwa nguvu zote — wenzangu walikuwa wameshamaliza. Ukumbi mzima ukageuka.

Mchana, mada ya mgonjwa anayekataa dawa. Mkufunzi, mama mfupi mwenye raba miguuni, akataka mtu wa kuigiza mgonjwa. Kipaza akaninyooshea kidole: huyu hapa anaye wa kwake nyumbani!

Sijui shetani gani alinipanda. Nilijifunga mtandio kama mama mkwe, nikashika kiuno, nikaguna. Nikauliza hicho kidonge ni jamaa wa nani mpaka kiingie tumboni kwangu bila hodi. Watu hoi! Mmoja alimwaga maji.

Mkufunzi hakucheka. Alivuta kiti, akakaa, akaniuliza, "Mama, hivi vidonge vinakufanya nini?" Akanyamaza. Akazidi kunyamaza. Nikatafuta jibu la mama mkwe, sikulipata. Sijui kwa nini anavitema! Mimi humhubiria tu.

Alhamisi, 7 Machi

Kwenye foleni ya chai, kila muuguzi ana mkaidi wake nyumbani. Mmoja kasema baba yake hufukia vidonge kwenye chungu cha maua. Maua presha yake iko sawa kabisa. Tumecheka mpaka chai ikapoa, na mimi nilidhani aibu hii ni yangu peke yangu.

Halafu — balaa. Kipaza alinirekodi jana nikiigiza! Video kairusha kwenye kundi la wodi, na huko ikatoka kama upepo. Sasa hivi wifi yangu kaniandikia: "Wifi, ni wewe huyu? Mama kaiona. Anairudia."

Ijumaa, 8 Machi

Nimerudi. Mume wangu kanipokea getini, kaninong'oneza pole, kisha kakimbilia jikoni kutengeneza bomba ambalo halijaharibika.

Mama mkwe sebuleni, simu mapajani.

"Karibu, mwanangu. Mgonjwa wako hajambo?"

Nikamwomba radhi. Akaguna — guno lenyewe, la asili. Hotuba ilikuwa tayari mdomoni. Nikaimeza. Nikakaa karibu yake nikauliza, "Mama, hivi vidonge vinakufanya nini?"

Nikanyamaza. Jamani, kutafuta mshipa wa mtoto mchanga ni rahisi kuliko hivyo! Hata jikoni spana ilinyamaza.

"Vinanipeleka chooni," akasema mwishowe, anaangalia ukuta. "Mmeniambia nimeze alasiri, na jioni nina mazoezi ya kwaya. Nikimeza, kila wimbo natoka. Wenzangu wameanza kuniita Mfereji."

Jikoni mtu kapaliwa na kicheko. Mimi sikucheka. Nimeng'ata shavu mpaka sasa linauma.

Jumamosi, 9 Machi

Tumetoka kliniki. Daktari kampima, kasema ameze asubuhi, arudi wiki ijayo tuone. Kameza pale pale! Kafungua mdomo, kanyanyua ulimi nikague, kama mtoto. Nusura nilie.

Tumefika nyumbani, metroni kapiga simu: Jumatatu niwafundishe wodi nzima niliyoyapata. Mama mkwe kasikia. Kasema yule mgonjwa wa kwenye video hafai, kiuno hakishikwi vile, atakuja mwenyewe.

Nilidhani utani. Gauni limeshapigwa pasi! Sasa hivi wanafanya mazoezi hapa mbele yangu. Mume wangu kavalishwa koti langu la kazi, halifungi. Anaigiza nesi. Kila akifungua mdomo anahubiri, na mama yake anamrudisha mlangoni aanze upya.

Mama mkwe kasimama katikati ya guno. Ananiuliza — taratibu, hajawahi kuniuliza kitu hivi — huko wodini watamcheka?

Hapana mama, kasema mume wangu.

Sana, nimesema mimi.

Kafikiri. Kisha kasema nimpigie metroni sasa hivi aongeze viti, maana kwaya nzima inakuja, na wamesema watafungua na wimbo.

Simu inaita. Metroni kapokea. Sasa nimwambie nini?