Nesi Aliyemsifu Hamadi

Mjukuu wangu Zuhura,

Usicheke nikikuita mjukuu na umri wetu unakaribiana. Bibi mdogo ni bibi. Hapa Edmonton hatujambo. Hamadi anapanda makochi, mdogo wake hanipi usingizi.

Umeuliza nani alinitazama nilipojifungua Hamadi, mbali na mama. Alikuwa nesi wa mtaa, anayepita majumbani kupima watoto wachanga. Siku ya kwanza alimweka mwanangu kwenye mizani, akapiga ukelele: "Mzuri! Mnene huyu!"

Nikaogopa kijicho. Kwa Kiingereza changu cha kuokoteza nikamjibu upesi, "Mzuri wapi! Uso kama chura."

Akaandika. Akaniuliza taratibu, "Unampenda lakini?"

"Kibaya hiki, nani akitake?"

Akaandika tena, zaidi.

Kesho yake akarudi na mkubwa wake. Hapo nikajua wamekuja kuninyang'anya mtoto. Nikamkumbatia, nikalia, nikawaambia kwetu mtoto mchanga hasifiwi, akisifiwa hudhurika. Ukimpenda, unamwita mbaya.

Nesi akacheka mpaka akavua miwani. "Kumbe unampenda kupita kiasi!"

Tangu hapo alinifunza kumnyonyesha, akanipikia na chai, akambeba mtoto nami nikasinzia. Siku ya mwisho alimpima, akaona kanenepa, akajizuia. Mlangoni akageuka, machozi yanamlengalenga: "Mama, sijaona mtoto mbaya kama huyu."

Hakuna aliyenituza zaidi.

Nawe ukijifungua, niletee picha ya huyo mbaya wako. Na ule vizuri, usijifanye shujaa.

Bibi yako mdogo,
Mwanaisha