Baiskeli ya Mipira Minene na Mayai ya Mama Mudogo

Papa wangu mupenzi,

Nakusalimu wewe na Mama kutoka hapa Mabanga, mjini Goma, nyumbani kwa Mama Mudogo. Mgongo wako unaendeleaje? Na maharage ya upande wa mtoni, mliyavuna kabla ya mvua ao yaliozea shambani? Tangu masasi ya vita yaanze tena huko Rutshuru simu yako haipatikani. Kila jioni Mama Mudogo anajaribu namba yako, kisha anaweka simu chini. Ndiyo maana nakuandikia. Barua hii ataileta yule mama muuza chumvi, ambaye anasema gari za kwetu zimeanza kupita. Sisi tuko wazima. Mlima unatoa moshi wake kama kawaida na tunalala vizuri.

Najua unangoja habari moja kuliko zote: mbuzi wako mweusi, uliyemuuza ili nipate pesa ya kuanzia, aligeuka kuwa kitu gani. Aligeuka baiskeli. Lakini si ya aina unayoijua, na naomba usome mpaka mwisho ndipo ucheke.

Unajua Mama Mudogo anauza mayai, na kiuno chake hakimruhusu tena kutembea mbali. Mteja wake mkubwa ni mama mmoja mwenye restora upande wa Buhene, pale moto wa mlima ulipofunika njia na nyumba, ukapoa kuwa mawe. Huyo mama alirudi akajenga restora ya mbao juu ya mawe yenyewe. Anapenda kuwaambia wageni, "Jikoni yangu ya zamani iko hapa chini. Sasa niko napika juu ya jikoni." Pikipiki hufika kwake, lakini tangu vita bei ya esansi, mafuta yake, imepanda, na tena zinatikisa mayai vibaya. Kwa hiyo Mama Mudogo aliniambia: ukipata baiskeli inayofaa mawe haya, kazi ya kupeleka mayai ni yako. Usipoipata, sina kazi nyingine ya kukupa, na itabidi urudi kwenu njia ikitulia.

Nilikwenda peke yangu kwa muzee mmoja anayeuza baiskeli, ao kinga kama wanavyoziita hapa, zilizotumika Bulaya. Alikuwa amezipanga mbele ya kontena.

"Weye mutoto, uko natafuta kinga ya kazi gani?"

"Ya kubeba mayai," nikajibu, kwa sauti ndogo hata akaniomba nirudie.

"Mayai? Basi ununue kuku, itayabeba yenyewe."

Watu wote waliokuwa pale wakacheka. Nilitaka kuondoka, lakini nikakumbuka ulivyomsindikiza yule mbuzi sokoni mwenyewe, nikabaki.

Kulikuwa na baiskeli ya mipira myembamba kama yako. Nikaiacha, kwa sababu nimeona mawe ya Goma yanavyoikata. Kulikuwa na nyingine ya kupendeza, yenye springi mbele na breki zinazotumia mafuta. Muzee aliisifu sana. Nikamuuliza breki hizo zikiharibika nani anazitengeneza hapa mjini. Akakuna kichwa. Nyuma kabisa ilisimama moja iliyojaa vumbi, chuma tupu, bila springi, breki za waya tu, vyuma vya kubadilisha mwendo vichache. Lakini mipira yake, Papa! Minene kama ya pikipiki, karibu upana wa mkono wangu.

"Ile ni kinga ya barafu," muzee akasema. "Bulaya banaipandaka mu teluji na mu muchanga. Hapa hakuna mwenye kuitaka. Iko nzito."

Nilifikiri: kama haizami katika mchanga, labda haitaogopa changarawe yetu nyeusi. Nikatikisa magurudumu, nikavuta breki, nikahakikisha nyuma kuna matundu ya kufungia kareo ya kubebea mizigo. Akataja bei. Mimi nikanyamaza nikiangalia mnyororo, kwa sababu nilikuwa natafuta neno la heshima la kumwambia kwamba sina pesa hizo. Akashusha. Nikazidi kutafuta neno. Akashusha tena, akasema, "Mutoto huyu iko mugumu. Nani alikufundisha kupatana hivi?" Kwa hiyo nilimlipa na pesa kidogo ikabaki ya kununua kareo. Mama Mudogo bado anaamini nina kipaji cha biashara, nami sijamweleza.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nilie.

Siku ya kwanza nilichukua pampu uliyonipa nilipoondoka, nikafanya kama ulivyonifundisha. Nilijaza upepo, nikapiga mpira kwa kidole, nikajaza tena mpaka ulie kama ngoma. Kwetu baiskeli ya viazi isipolia hivyo, unaishusha mizigo yote uanze upya. Yangu ililia vizuri, ungefurahi. Nikafunga mayai nyuma katika trei zake, plato juu ya plato, nikaenda. Juu ya mawe ikaanza kuruka kama mbuzi aliyefunguliwa asubuhi. Nilipofika Buhene rangi ya njano ilikuwa inanitiririkia kwenye kisigino.

Mama wa restora alifungua plato, akaniangalia.

"Umeniletea mayai ao omeleti?"

Niliinama nikafuta kisigino.

"Sikia, mutoto wangu. Umwambie mama yako mudogo, nangoja mara moja tena. Yakivunjika, natafuta mutu wa pikipiki."

Nyumbani Mama Mudogo hakunigombeza, alisema tu, "Urudishe ile kinga." Lakini yule muzee alikataa, alisema kitu kikiisha kuuzwa hakirudi. Usiku sikula. Niliona mbuzi wako amepotea, na mimi nimepotea pamoja naye.

Kabla ya safari ya pili nilisali kabisa. Nikajaza upepo tena, nikafunga mayai kwa kamba zaidi, nikaweka na majani makavu katikati. Nilipovuka barabara kubwa nikahisi nyuma kunalegea. Mpira ulikuwa unapoteza upepo polepole, na pampu niliiacha nyumbani. Wamama waliokuwa wanachota maji wakaona.

"Weye binti, kinga yako imechoka! Uibebe mugongoni!"

"Iache, iko naenda kulala!"

Kurudi kulikuwa mbali kuliko kuendelea. Nikaendelea kukanyaga, taratibu, macho chini, mpira wa nyuma umekaa juu ya mawe kama mkate laini. Nilikwisha tayarisha maneno ya kuomba msamaha.

Mama wa restora akafungua plato ya juu. Akafungua ya pili. Akashika yai moja moja, akaligeuza, akaendelea mpaka chini. Hakuna hata moja lililopasuka.

"Leo ulipita njia gani?"

"Ile ile, Mama."

"Basi kinga yako imepata adabu."

Nilitoka nje nikaubonyeza ule mpira kwa kidole gumba. Uliingia ndani bila shida. Nikaelewa kwamba hii baiskeli haina springi kwa sababu mipira yenyewe ndiyo springi, na mimi nilikuwa naikaza kwa upepo mwingi wa pampu. Niliziba tundu, kisha nikapunguza upepo wa mbele pia. Siku moja nilizidisha, rimu ikagonga jiwe, kwa hiyo sasa najua kipimo: kidole kiingie kidogo, kisizame. Tangu hapo kazi ni yangu. Watoto wa Buhene wananiita "pikipiki bila moteri", na juzi niliwajibu. Nilisema, "Ndiyo, ndiyo maana hainyonyi esansi." Mimi, Papa, mbele ya watu.

Jumapili nilifika mpaka Mugunga, katika kambi ya waliokimbia vita. Nilimkuta jirani yetu mfumaji wa vikapu na watoto wake, wote wazima. Anawasalimu, anauliza kama mlango wake ungali umesimama.

Mwambie Mama nakula vizuri. Msalimie koko, mama yako, na umwambie magoti yake nayakumbuka katika sala. Msalimie kaka yangu anayechunga mbuzi, na katekista aliyenifundisha kusoma.

Na wewe Papa, njia ikitulia uje unione. Najua ukishuka tu kwenye gari utabonyeza mpira kwa kidole, utatikisa kichwa, na utauliza pampu iko wapi. Imening'inia ukutani juu ya kitanda changu. Lakini nakuomba kwa heshima, usiiguse kwanza. Keti kwenye kiti cha baiskeli, nitafunga mayai nyuma yako, kisha twende Buhene, wewe ukikanyaga na mimi nikitembea pembeni.

Binti yako akupendaye,
Furaha